Mgeni, Mteja na Jembe la Siku ya Tatu

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mizigo mitatu. Mgeni ni mtu aliyekuja kututembelea. Mgeni ni mtu tusiyemjua. Na mgeni ni mtu asiye wa nchi yetu. Ziko lugha ambazo humpa kila mmoja kati ya hawa jina lake. Sisi tumewakalisha wote watatu juu ya mkeka mmoja. Upande wa pili amesimama mwenyeji, yaani mwenye mji, na baina yao kuna kizingiti, hodi na karibu. Kwa muda mrefu maneno hayo yalitosha. Kisha likaja neno jingine, mteja, likaingia bila ya kupiga hodi kwa kuwa mkononi lilikuwa na fedha. Tangu hapo tunaye mtu tusiyejua tumweke wapi: hulala katika nyumba ya mwenziwe, hunywa chai yake, huamkiwa asubuhi na watu wa nyumba ile, kisha hulipa akaenda zake. Je, huyu ni mgeni au ni mteja? Na yule anayempokea ni mwenyeji au ni mfanyabiashara? Swali laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo zito: kama ukarimu waweza kununuliwa, na kama hauwezi, basi ni kitu gani hicho tunachokilipia.

Wazee wetu wa pwani na visiwani wanalo jibu la haraka. Ukarimu uliotiwa bei, watakwambia, umekwisha kuwa kitu kingine. Dini imetufunza kuwa mgeni ana haki yake ya siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Nyumba zetu nazo zilijengwa zikimngojea: baraza nje kwa mpita njia, na ndani ya mlango mahali pa kumkalisha anayestahiki kuingia. Leo, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na katika mji wa Lamu ulioingizwa mwaka 2001, ziko nyumba za kale ambazo ukumbi wake una meza ya mapokezi na orodha ya bei. Mzee apitaye hapo hutikisa kichwa, na sina la kumlaumu. Lakini kutikisa kichwa si hoja.

Na historia yenyewe haikunyooka kama tunavyopenda kuikumbuka. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakiijia merikebu kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi sahani mmoja wa wafanyabiashara waliomo merikebuni, na kwa kufanya hivyo humtangaza kuwa ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara yule akishuka pwani huenda kwa mwenyeji wake huyo, na mwenyeji ndiye amuuziaye bidhaa zake na kumnunulia anachokitaka. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mtu wa biashara bali mtu wa elimu, alipelekwa kwa kadhi. Tazama basi, msomaji: chini ya kifuniko cha sahani ile mlikuwa na wali, na mlikuwa na faida pia. Hakuna aliyeona haya. Ukarimu na biashara vilikula sahani moja katika mwambao huu karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa.

Ili tulione jambo hili likiwa limevuliwa mapambo, yafaa tuiache pwani, ambako nyumba za wageni zimepambwa kwa ajili ya watalii, twende hadi upande wa pili wa Tanzania, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Mji wa Musoma una mitaa kama Iringo, Mukendo na Nyasho, na Musoma, kama miji yetu mingine ya bara, ina nyumba za kulala wageni ambazo hazimo katika kitabu chochote cha watalii. Anayelala humo ni mnunuzi wa dagaa, mtumishi wa serikali aliyekuja kikaoni, mwenye kesi mahakamani, au mama aliyemleta mgonjwa hospitali ya mkoa. Bunda, iliyo kando ya barabara ya kwenda Mwanza, hulaza pia msafiri anayekwenda Kisorya kuvuka kwa Ukerewe. Na Butiama hulaza waliokuja kulizuru kaburi la Mwalimu.

Nimelala katika nyumba za namna hii mara nyingi, na mpango wake haubadiliki sana. Kwanza ni daftari la wageni: jina, kabila, kazi, utokako na uendako. Kisha ufunguo uliofungwa kwenye kibao cha mti. Chumbani mna kitanda na chandarua, kandambili mbili zisizolingana, kipande cha sabuni na taulo. Ukutani pamebandikwa karatasi inayokumbusha kuwa mwisho wa kukabidhi chumba ni saa nne asubuhi. Kukipambazuka kuna chai na chapati, au maandazi, na pengine yai. Hayo ndiyo yaliyonunuliwa, na yote yana kipimo.

Sasa tumchukue yule mama mwenye mgonjwa. Aghalabu anaye jamaa katika mji huo huo: shemeji, au binti wa ndugu yake. Mbona hakwenda kwao? Kwa sababu anajua kuwa nyumba ile ina vyumba viwili na watoto sita. Anajua kuwa atapewa kitanda, na mwenye kitanda atalala chini. Anajua kuwa kuku wa pekee atachinjwa, na kuwa hatathubutu kuuliza kesho watoto watakula nini. Anajua pia kwamba wema ule utakumbukwa, na siku moja utatajwa. Fadhila haina orodha ya bei, na ndiyo maana mara nyingine huwa ghali kuliko chumba. Mama huyu akitoa fedha yake akachukua ufunguo, hakuukimbia ukarimu. Amewahurumia jamaa zake, akajihifadhia na yeye heshima yake. Wanaosema kuwa fedha imeua ukarimu hawajamuuliza mtu kama huyu.

Naye Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko huko Oktoba 1999, ametuachia ufunguo wa jambo hili. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 aliitumia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuitaja ili kumfukuza mgeni. Alitaka kuonyesha kuwa katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kuwa mgeni mwenye adabu huenda akaliomba jembe kabla hajapewa. Jembe, kwa maana hiyo, si adhabu. Ni njia ya kumtoa mtu katika unyonge wa kupokea tu. Akishalima pamoja na wenyeji wake, anakula jasho lake, na jicho lake halishuki mbele ya sahani.

Kwa mtazamo huo, fedha anayoitoa msafiri mlangoni kwa Iringo ni jembe lililotangulizwa. Hakungoja siku ya tatu. Amelishika usiku wa kwanza. Amekwisha lima mahali pengine, na mavuno yake ameyabeba mfukoni. Basi kulipa peke yake hakumwondoi mtu katika ugeni wala hakumwondolei mwenyeji utu wake. Hapa naachana na wazee wangu, kwa heshima zote. Ila jembe humaliza deni la chakula. Halimpi mgeni mamlaka juu ya nyumba. Na hapa ndipo penye hatari.

Wako watu walioiona hatari hiyo wakajaribu kuitungia sheria. Ufaransa, katika nchi za mizabibu kama Burgundy na Bordeaux, ni ada kwa wenye nyumba kuwalaza wasafiri katika vyumba vya nyumba zao wenyewe. Wengi wetu hatuna haja na kinachotiwa chupani huko, lakini mpango wao una la kutufunza. Kwa sheria yao, vyumba vya namna hiyo havizidi 5, wageni hawazidi 15 kwa wakati mmoja, kifungua kinywa huwamo katika bei, na mwenye makazi ndiye apaswaye kuwapokea. Kwa Kifaransa mwenyeji na mgeni huitwa kwa neno moja, hôte, na mfasiri akilikuta hulazimika kuangalia nani ameshika ufunguo kabla ya kuandika. Anachokwenda kukitafuta msafiri huko ni kukaa meza moja na mtu aliyeipanda mizabibu inayoonekana dirishani, na kupakiwa mkate wake kwa matunda yaliyopikwa katika jiko lile lile. Sheria imefahamu kwamba mwenyeji akitoweka, kinachobaki ni chumba tu. Lakini sheria ina mpaka wake. Yaweza kumwamuru mtu asimame mlangoni. Haiwezi kumwamuru afurahi.

Na kwetu sisi, aghalabu anayesimama mlangoni si mwenye nyumba. Ni mhudumu: kijana, mara nyingi msichana, aliyetoka kijijini kutafuta riziki mjini. Yeye ndiye anayesema karibu, ilhali nyumba si yake. Yeye ndiye anayebeba ndoo ya maji ya moto, anayefua shuka na anayeamka kabla ya wote. Ni mwenyeji asiye na mji. Wako wenye nyumba wanaomkata mshahara taulo linapopotea. Na wako wageni wanaodhani kuwa yeye naye amo katika bei: humwita kwa kupiga vidole, humtuma saa za usiku asizolipwa, na wengine, Mungu atuepushe, humgongea mlango. Ukiwauliza, watajibu neno moja: nimelipa.

Jibu la neno hilo limo katika tafsiri ya Mwalimu huyo huyo. Mwaka 1969 ulitoka mchezo wa Shakespeare aliouweka katika Kiswahili akauita Mabepari wa Venisi. Pale ambapo mwingine angeliandika wafanyabiashara, yeye aliandika mabepari. Humo Shylock anadai mahakamani ratili ya nyama ya mdeni wake, na mkataba anao mkononi, halali kwa kila herufi. Portia haupingi mkataba. Anamwambia aichukue nyama yake, lakini asimwage hata tone moja la damu, kwa kuwa damu haikuandikwa. Nimelisoma tukio lile mara nyingi kama mtu apendaye kazi ya kufasiri, na kila mara naona kuwa halihusu Venisi peke yake. Kila mapatano ya fedha baina ya watu yana nyama iliyoandikwa na damu isiyoandikwa. Risiti ya nyumba ya wageni inataja chumba na usiku mmoja. Heshima ya mhudumu, usingizi wake, mwili wake na tabasamu lake havikutajwa, wala haviwezi kutajwa. Mwenye nyumba hana haki ya kuviuza, na mgeni hana fedha ya kuvinunua.

Hapo basi ndipo ukarimu unapopata nafasi yake, katika yale yasiyoandikwa. Na kwa kuwa hayakuuzwa, yaweza kutolewa bure. Katika nyumba moja ya Musoma mhudumu alinisikia nikimuuliza mtu habari za basi la alfajiri. Sikumwomba lolote. Saa kumi usiku alinigongea, nami nilipotoka nikaikuta chupa ya chai imewekwa juu ya kiti barazani, na vikombe viwili. Naye akanywa pamoja nami, amesimama. Chai ya nyumba ile huanza saa moja asubuhi. Nikiwa njiani kwenda Mwanza nilitunga ubeti huu:

Kitanda kina thamani, na bei nimeilipa,
Na chai yako mezani, sikuinywa kwa kukopa;
Ila neno la moyoni, ulilopenda kunipa,
Hilo nitalilipani? Bado nadaiwa hapa.

Deni la namna hii halilipiki kwa fedha, na ni vizuri kuwa halilipiki. Linatakiwa libaki ili litufanye watu. Lakini lina adabu zake, nazo si ngumu. Mgeni amuulize mhudumu jina lake kabla ya kumtuma. Asimwamshe kwa jambo liwezalo kungoja asubuhi. Akiondoka aiache shuka kama mtu anayejua kuwa iko mikono itakayoifua. Akiwa na cha kuzidisha, ampe yeye mkononi na kwa shukrani. Naye mwenye nyumba amlipe mhudumu wake ujira unaomwezesha kusema karibu bila ya kusema uongo, kwani mwenye njaa akilazimishwa kutabasamu, kinachouzwa pale ni njaa yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje bure, wala hawakusema aje na fedha. Waliuliza jambo moja tu: baada ya kuja kwake, mwenyeji amepona? Katika nyumba za Iringo, kama katika nyumba za Unguja na Lamu, swali hilo aulizwe kwanza yule anayebeba ndoo.