Rangi ya Mlango Katika Nchi ya Dhahabu

Mvua za Novemba zikianza Shinyanga, mafundi seremala hupata kazi ya randa. Milango iliyokuwa ikifunguka kwa kidole kimoja Agosti na Septemba sasa inakwama. Mbao imekunywa unyevu ikavimba, na nyumba nyingi za huku zimekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao nao ukilowa huvimba na kuisukuma fremu ikaenda upande. Mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anapiga randa ukingo wa mlango, mlango unafunga, kila mtu anashukuru. Ifikapo Julai mbao imekauka na kujirudi, na pale palipopita randa pana mwanya unaoingiza vumbi la mtaa mzima. Huo mwanya ndio watu huulalamikia. Lisilosemwa ni kwamba ukingo ule, baada ya kupigwa randa, haukupakwa kitu. Ulibaki mbao tupu, na mvua ya msimu ujao itaingilia hapohapo.

Nadhani unaweza kuwajua watu wa mahali kwa kuangalia kingo za milango yao. Uso wa mlango hupakwa kwa ajili ya mgeni. Ukingo wa chini, usioonwa na yeyote, hupakwa na mtu anayetegemea kuishi na mlango huo miaka mingi.

Hali ya hewa ya ukanda huu haina huruma na mbao. Shinyanga hupata mvua ya milimita kama 600 hadi 800 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni jua, upepo na vumbi. Miale ya jua huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Uso unageuka kijivu, nyuzi zinalegea, na mvua ya kwanza inazisomba. Hata hivyo jua peke yake ni mwizi mvivu. Vipimo vya Marekani vinaonyesha kuwa mbao laini isiyopakwa chochote hupoteza takriban milimita 6 tu kwa karne nzima. Kinachoimaliza ni kule kuvimba na kusinyaa kila mwaka, ambako hufungua nyufa, na nyufa zikaingiza maji. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 ukungu wa kuozesha unaweza kuanza kazi. Ndiyo maana mlango wa Shinyanga mjini hupasuka kabla ya kuoza, wakati ule wa Nkome au Chato, karibu na ziwa, unaweza kuoza kabla haujapasuka. Mchwa hawachagui mkoa. Wao wanataka tu mbao iguse ardhi.

Nilimuuliza fundi mmoja wa Kahama kwa nini milango yote aliyoianika nje ya karakana yake imepakwa vanishi ya kung'aa, naye anajua fika kwamba milango hiyo inakwenda kukaa juani. Akanijibu bila kuficha: "Mzee, mteja anataka mninga uonekane. Akitaka kung'aa, nampa kung'aa." Hakusema uongo. Lakini vanishi isiyo na rangi huruhusu jua kupita likaichoma mbao iliyo chini yake. Mbao ikishalegea, vanishi haina tena cha kushika. Inainuka vipande vipande, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Baada ya misimu michache mlango uliokuwa fahari ya mtaa unatia aibu kuliko mlango wa jirani uliopakwa rangi ya mafuta ya kawaida tangu mwanzo. Rangi huficha mninga, ni kweli. Lakini chembe za rangi ndizo zinazolizuia jua.

Hapa ndipo dhahabu inapoingia, na sidhani kama naisingizia. Huu ni ukanda ulioijenga riziki yake juu ya kitu kisichohitaji matunzo. Dhahabu haipati kutu, haiozi, haipauki. Iliyolala chini ya vilima vya Geita ilikaa huko muda usiohesabika bila mtu kuifuta vumbi. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966 ukafungwa, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Dhahabu ilikuwa palepale, ikisubiri. Anayeishi kwa kutafuta kitu cha namna hiyo ni rahisi aanze kudhani kuwa kila chenye thamani kiko hivyo: ukishakipata, umekipata.

Nenda kwenye rashi yoyote mpya, pale watu wanapokimbilia dhahabu. Habari zikitoka kwamba mahali fulani pametema dhahabu, ndani ya wiki chache kunasimama mji wa mabanzi na maturubai: duka, mgahawa, nyumba ya kulala wageni, banda la video. Hakuna anayepaka banzi rangi, na simlaumu mtu. Kwa nini upake kitu ambacho mwezi ujao utakiacha au utakifanya kuni? Tatizo ni kwamba tabia ya rashi haibaki kwenye rashi. Inahamia mjini pamoja na fedha, ikaingia kwenye nyumba za tofali na bati la rangi, ambako mtu anajenga kwa nguvu, anahamia kwa sherehe, halafu hagusi tena fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, mpaka lianguke.

Kuna mahali pamoja migodini ambapo mbao inaangaliwa kweli, napo ni ndani ya duara, shimo la mchimbaji. Magogo yanayoshikilia kuta, yale wachimbaji wanayoyaita matimba, hukaa kwenye giza, joto na maji, na timba lililooza huua. Mchimbaji mzoefu huligonga na kusikiliza mlio wake kabla ya kulipita. Juu ya ardhi mtu huyohuyo hulala kwenye nyumba ambayo hajawahi kugonga nguzo yake hata moja. Sisemi hili kumcheka. Hatari ya duara ni ya leo, ya nyumba ni ya mwaka kesho kutwa, na binadamu wote tumeumbwa hivyo.

Shinyanga, lakini, ina sababu ya kulijua hili kuliko mikoa mingi. Misitu yake ilifyekwa kwa makusudi enzi za ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, kisha pamba ikaja na kudai mashamba, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, zile sehemu za malisho ambazo Wasukuma walizifunga wakati wa mvua na kuzifungua kiangazi. Ngitili isiyo na mwenyewe wa karibu haikudumu. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiuita mkoa huu jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara ulilolifanya ni kurudi kwenye ngitili badala ya kuleta elimu ngeni. Zaidi ya hekta 300,000 zikakadiriwa kurejea, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Siri yake ilikuwa ndogo mno: kufunga malango ya malisho kwa wakati, kila mwaka, bila kuchoka.

Mninga unahitaji muda unaokaribia umri wa mzee ili ufae kupasuliwa mbao. Mlango wa mninga unaoharibika kwa miaka kumi kwa kukosa kopo la rangi umekula mti ambao hatutauona ukirudi. Hilo, kwangu, ni suala la adabu kabla halijawa suala la fedha.

Wako watu waliolipatia jibu suala la kutunza mbao. Kule Norwei kuna kanisa la mbao la Borgund, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12, na bado limesimama kwenye theluji na mvua kwa sababu kizazi baada ya kizazi kimelipaka lami ya msonobari. Kule Japani, hekalu la Ise halipakwi kitu. Hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho 2013, na misitu hupandwa kwa ajili ya ujenzi ujao. Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mabaharia wa pwani yetu walikipandisha chombo ufukweni, wakakipaka sifa, yale mafuta ya papa, na sehemu ya chini wakaipaka deheni ya chokaa na shahamu. Harufu yake ilimfukuza mpita njia, lakini nahodha aliyeiruka kazi hiyo alijua minyoo ya baharini haitairuka mbao yake. Ama utunze, ama upande miti ya kutosha kujenga tena. Sisi mara nyingi hatufanyi hata moja, halafu tunanunua mlango wa chuma na kusema mbao haifai.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwangua kilicholegea, piga msasa. Rangi ikiwa ya zamani, lowesha kwanza, maana rangi nyingi za zamani zina risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Ziba nyufa, paka praima, kisha rangi ya mafuta mara mbili, na vichwa vya mbao uvipe zaidi kwa sababu ndiko maji yanakonywewa kwa kasi. Fanya kazi kivulini, asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo wa vumbi haujaamka. Anayependa kuiona mbao yake atumie mafuta ya linsidi na akubali kurudia karibu kila mwaka. Matambara aliyofutia ayatie ndani ya maji, kwa kuwa yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huimwaga kwenye mbao za kenchi dhidi ya mchwa, isikaribie mlango unaoshikwa na watoto, na ukishaipaka usitegemee rangi itashika juu yake. Mabaki ya mbao na nguzo za kijani zilizotiwa dawa yasipikiwe kamwe: nyingi zina aseniki, na moshi wake unabaki na familia.

Ugumu uko kwingine. Mpangaji anasema mlango ni wa mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema anayeutumia ni mpangaji. Shuleni ndiyo zaidi. Methali ya ufa na ukuta watoto wetu huikariri darasani, chini ya fisha bodi lililoning'inia kwa msumari mmoja, na sijasikia mtu akiona kichekesho hicho. Darasa jipya lina jiwe la msingi, mgeni rasmi na picha. Kupaka madirisha ya darasa la zamani hakuna mgeni rasmi. Kwa hiyo fedha hupatikana kwa la kwanza na hukosekana kwa la pili, ingawa la pili linahitaji makopo machache na siku chache za fundi mmoja.

Kamati za shule za Shinyanga, Kahama na Geita zinazoandaa bajeti zao zitenge kwanza fungu la milango, madirisha na fisha bodi za majengo yaliyopo, na kazi ifanyike Juni au Julai, mbao ikiwa imekauka na mvua bado ziko mbali.