Kazi ya Mikono na Malezi ya Kijana

Ndugu msomaji, wako wazazi wadhanio kwamba kijana aliyesoma hujishusha hadhi akishika tezo au randa. Na mtoto akijenga kibanda cha matawi nyuma ya nyumba, huambiwa aache upuuzi akasome. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alionya dhidi ya elimu imfanyayo mtu kudharau kazi ya mikono. Dini nayo yasemaje?

Kurani Tukufu yatueleza kwamba Nabii Nuhu a.s. aliamrishwa na Mungu kuunda jahazi, na wakubwa wa kaumu yake wakamcheka. Katika Hadithi twaarifiwa kwamba Nabii Zakaria a.s. alikuwa seremala, na Mtume Muhammad s.a.w. alikisifu chakula ambacho mtu amekichuma kwa mikono yake. Ikiwa kazi hiyo haikuwavunjia heshima Manabii, yatuvunjiaje sisi?

Lakini faida yake si chakula tu. Itazame tembe ya Wagogo wa Dodoma. Nguzo zenye panda husimikwa ardhini, juu yake hulazwa boriti, kisha fito, na mwisho udongo. Paa hilo bapa lafaa nchi yenye mvua chache, ila ni zito. Nguzo iliyoliwa na mchwa yaweza kupakwa udongo isionekane. Lakini paa likilowa, uongo wa mjenzi hudhihirika, na waumiao ni waliolala ndani. Hivyo kijana ajifunzaye kujenga hutambua kwamba uaminifu hauishii ulimini. Mtu aweza kudanganywa kwa maneno. Mti hausikii maneno. Hata kibanda cha mtoto kikianguka chamfundisha kutafuta kosa, asimlaumu mwenziwe, na kuanza upya.

Huenda mtu akauliza: je, hayo hayatazidisha ukataji wa miti katika nchi kavu? Swali hili ni la haki. Huko Kondoa mmomonyoko wa ardhi ulizidi hata ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Lakini aliyetoka jasho siku nzima kunyoosha ubao mmoja hawezi kuuona mti kuwa kitu cha bure. Mtoto na atumie matawi yaliyoanguka na vipande vilivyobaki kwa seremala, kisha apande mche. Maana Mtume s.a.w. alituusia kwamba mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama.

Basi, ewe mzazi, mwanao akikuletea kigoda alichokiunda, usikisifu tu, kikalie. Kikiyumba, mwonyeshe kwa upole mguu uliopungua, umrudishie msumeno. Hapo umemfundisha amana kwa njia ambayo hotuba nyingi haziwezi.

Mwenyezi Mungu awajalie vijana wetu mikono yenye kazi na mioyo yenye ukweli. Amin.