Ugumu wa Almasi Unakaa Wapi?

Mwaka 1797 mkemia Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi, akapima hewa ukaa iliyotoka. Kipimo kilikuwa sawa na kile ambacho makaa ya uzito uleule yangetoa. Jiwe la thamani la wafalme lilikuwa kaboni tupu. Kinywe, madini meusi yanayotiwa ndani ya penseli, nacho ni kaboni. Tanzania imejaliwa vyote viwili: almasi huko Mwadui, Shinyanga, na kinywe huko Mahenge, Morogoro. Ukivichoma hadi viishe, hewa ya kimoja huwezi kuitofautisha na ya kingine.

Basi, ikiwa asili ni moja, ugumu unaoiwezesha almasi kukata kioo unatoka wapi?

Tumezoea kudhani kwamba kitu kigumu kimejengwa kwa vipande vigumu, na cheusi kwa vipande vyeusi. Lakini atomi moja ya kaboni haina ugumu wala ulaini, haina weusi wala mng'ao. Sifa hizo huanza kuwa na maana pale tu atomi nyingi zinaposhikana. Mwaka 1916 Mmarekani Gilbert Lewis alieleza kushikana huko: kifungo baina ya atomi mbili ni jozi ya elektroni zinazomilikiwa na atomi zote mbili kwa pamoja. Ukiuliza elektroni hizo ni za nani, hupati jibu la mmoja.

Kaboni ina elektroni nne za kufungia. Katika almasi, kila atomi imeshikana na nyingine nne, kila upande, kama wavu usio na pindo. Ili uikwaruze, lazima ukate vifungo vyenyewe. Mpangilio huo ulibainishwa mwaka 1913 na William Bragg na mwanawe Lawrence kwa kutumia eksirei. Katika kinywe, kila atomi hushikana na tatu tu, zikatanda matabaka, na elektroni ya nne huzunguka huru juu ya tabaka. Ndiyo maana kinywe hupitisha umeme na almasi haipitishi.

Hapa pana jambo la kushangaza. Ndani ya tabaka la kinywe, atomi jirani zimeachana kwa nanomita 0.142; katika almasi ni 0.154. Kifungo cha kinywe ni kifupi zaidi, tena kina nguvu zaidi. Ulaini wake basi hautokani na unyonge wa vifungo vyake. Unatokana na nafasi ya nanomita 0.335 kati ya tabaka na tabaka, ambamo mvutano ni hafifu, hivyo matabaka huteleza na kubaki kwenye karatasi. Tabia ya kitu huamuliwa na mahali palipofungwa, na vilevile na mahali palipoachwa bila kufungwa.

Mtu anaweza kupinga: si kaboni yenyewe iliyoleta elektroni hizo nne? Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Hidrojeni, yenye elektroni moja, haiwezi kamwe kujenga almasi. Lakini asili huweka mipaka ya yanayowezekana, haichagui litakalokuwa. Kilichochagua ni historia. Almasi nyingi ziliumbwa zaidi ya kilomita 150 chini ya ardhi, kwa joto na mgandamizo mkubwa, kisha milipuko ya volkeno ikazipandisha. Hapa juu tunapoishi, kinywe ndicho umbo tulivu zaidi la kaboni. Almasi hubaki almasi kwa sababu vifungo vilivyofungwa kule chini havifunguki ila kwa nishati kubwa.

Anayesema almasi ni kaboni tu amesema kweli, lakini hajaieleza almasi. Vivyo hivyo anayesema mwili wa binadamu ni maji, kaboni na chumvichumvi: orodha yake ni sahihi, na mtu hayumo ndani yake. Mahusiano baina ya vitu si pambo lililoongezwa baada ya vitu kuwapo. Yana uhalisia sawa na vitu vyenyewe, hupimika, huvunjika, na hugharimu nishati kuyavunja. Kwa hiyo kuujua undani wa kitu ni kazi ya maswali mawili yasiyotenganishwa: kimeundwa na nini, na kimeshikanaje. Anayeishia kwenye swali la kwanza ataiweka almasi na kinywe katika fungu moja, naye hatajua kwa nini kimoja hukata kioo na kingine huandika.