Mkate Kwanza, Ndipo Swali



Tarehe 12 Mei kila mwaka wauguzi wa nchi yetu huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Safari hii baadhi ya wauguzi walio wa mtaa wetu hapa Chanika wameniomba neno la kuwatia moyo. Nimekubali kwa furaha. Lakini mengi nitakayosema yawahusu hasa wale wanaowaongoza, yaani metroni, patroni, sista wa wodi, na kila mtu ashikaye daftari la zamu. Na sisi wengine tusidhani kwamba tumesahauliwa.

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Nabii Elia amechoka. Juzi tu alikuwa shujaa juu ya mlima Karmeli. Leo amesikia kitisho cha Yezebeli, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda nyikani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Sasa angalieni Bwana wake anavyomtendea mtumishi huyu aliyekimbia kazi. Hakumpelekea barua ya onyo. Alimpelekea malaika, na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji ya kunywa. Elia akala, akalala tena, naye malaika akamwacha alale. Kisha akamgusa mara ya pili, akala tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Hata alipofika Horebu ndipo alipoulizwa ana shughuli gani pale.

Zingatieni utaratibu huo. Mkate kwanza, kisha usingizi, kisha mkate tena, ndipo swali. Wala swali halikufutwa, maana aliulizwa mara mbili nzima. Wengi wetu tukipewa ukubwa wa kazi twaanza na swali, na mkate tunausahau kabisa.

Jambo hili nilijifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, kabla sijahamishiwa huku, nilikuwa nikiwatembelea wagonjwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, wala haimo katika wilaya zetu hizi za Handeni na Korogwe. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha mzee mmoja, mafuta ya wagonjwa mkononi, nikamsikia sista wa wodi akimgombeza nesi kijana mbele ya wagonjwa wote. Kosa la binti yule lilikuwa kwamba usiku alimwita daktari kwa mgonjwa ambaye, daktari alipofika, alionekana hana neno kubwa. Akaambiwa ni mjinga, akaulizwa chuoni alisomea nini, akaambiwa akimsumbua daktari tena atafute kazi ya kuuza maandazi. Wagonjwa wengine walicheka. Mimi nilinyamaza, nikaendelea na mafuta yangu.

Majuma machache baadaye binti yule alikuwa peke yake zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Mama mmoja aliyekwisha kujifungua salama akaanza kutokwa na damu. Nesi akamkanda tumbo, akampa dawa aliyokuwa nayo, akatazama mlango. Anasema alikwenda mpaka mlangoni mara mbili, na mara mbili akarudi, maana alitaka awe na hakika kwanza. Ndugu zangu, damu ya namna ile yaweza kumwua mama mwenye afya nzuri katika muda wa saa mbili, nayo haimngoji mtu awe na hakika. Alipokwenda kumwamsha daktari kulikuwa kumekwisha kuchelewa. Mtoto aliishi.

Hakunieleza haya katika kitubio. Kama angenieleza huko ningenyamaza nayo mpaka kaburini. Alinieleza barazani pangu, mchana kweupe, akanipa ruhusa ya kuyasema. Alilia akisema kwamba yeye ndiye aliyemwua yule mama. Hata leo sijui jinsi ya kuugawa mzigo ule. Yeye ana sehemu yake. Yule sista ana sehemu yake, tena si ndogo. Nami niliyesimama na mafuta nikanyamaza, nina yangu.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba huruma ya kiongozi ni pambo tu, au ni udhaifu wa watu wapole. Nesi anayemwogopa mkubwa wake hujifunza kuficha. Huficha dawa aliyokosea kuitoa. Huandika katika chati kipimo cha presha ambacho hakukipima. Huchelewa kuita msaada. Kila akiulizwa husema hakuna neno, sista. Basi metroni wa vitisho hupokea taarifa nzuri kuliko metroni wote, naye ndiye wa mwisho kujua ukweli wa wodi zake.

Tumshukuru Mungu kwamba mambo yamekuwa bora katika nchi yetu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulihesabu vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulihesabu 104. Watalaamu watatueleza habari za magari ya wagonjwa, akiba ya damu na vyumba vya upasuaji, nao watasema kweli. Lakini mimi naamini kwamba katika hesabu ile wamo pia wauguzi waliothubutu kumwamsha mtu mapema, na wakubwa waliokubali kuamshwa.

Tena mtu asidhani kwamba huruma ni kufunika makosa. Elia alikula akashiba, lakini alirudishwa kazini. Alipewa majina ya watu wa kuwapaka mafuta, akapewa na Elisha wa kushika nafasi yake. Naye alipolalamika kwamba amebaki peke yake, aliambiwa kwamba wako 7,000 wasiompigia Baali magoti. Mnaona? Bwana alitazama pia upweke wa mtumishi wake. Vivyo hivyo metroni mwema, msiba ukitokea, huuliza nani alikosea, lakini huuliza vilevile kwa nini mtoto wa mwaka mmoja kazini aliachiwa wodi nzima usiku peke yake. Hupanga zamu akijua nani ana mtoto mchanga nyumbani na nani amefiwa. Humwita mkosaji ofisini, hufunga mlango, humsikiliza mpaka mwisho, kisha humwambia kosa lake bila kulipunguza. Yuko nesi anayetukana wazazi wakiwa katika uchungu, na yuko anayetaka chochote kabla hajamgusa mgonjwa. Metroni anayewalinda hao hana huruma. Ana urafiki tu, na urafiki huo unalipwa na mgonjwa.

Labda mtasema kwamba hayo yafaa siku za kawaida, lakini siku ya hatari yataka amri. Basi nawaletea habari ya jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulizuka huko Gulu. Katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, wa kwanza kushtua watu walikuwa wanafunzi wa uuguzi waliougua na kufa. Mganga mkuu wa hospitali ile, Dakta Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala masomoni. Aliitwa akarudi, na usiku ule ule akakaa na sista mmoja kiongozi wa wauguzi wakasoma mafaili ya wagonjwa mpaka wakaanza kuelewa ni ugonjwa gani umeingia. (Najua mmoja wenu atanikosoa kwamba huyu ni daktari wala si metroni. Ni kweli. Lakini niliyoyaona kwake ndiyo ninayoyatafuta kwa metroni.) Wodi ya kutenga wagonjwa ikafunguliwa, na waliohudumu humo waliingia kwa hiari yao. Yeye mwenyewe aliingia humo kila siku.

Mwezi wa Novemba wauguzi walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Waliobaki, pamoja na wafanyakazi wengine, yapata watu 400, wakakusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi wakitaka hospitali ifungwe. Hebu tujiulize sisi tungefanyaje. Naogopa wengi wetu tungetoa orodha ya watakaofukuzwa. Lukwiya alikwenda akaketi nao kwa saa nyingi. Hakuwaita waoga. Lakini wala hakuwadanganya. Aliwaambia kwamba atakaye kuondoka aondoke, bali yeye hataiacha kazi yake. Walikuwa wakimjua kwa muda mrefu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walipokuja kuwateka watawa wa hospitali, alijitoa yeye badala yao, akazungushwa porini wiki nzima akiwa na koti lake la udaktari. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito ambao hauwezi kuazimwa siku ya mkutano. Mkutano ukaisha kwa kuimba, nao wakarudi wodini.

Muda si mrefu yeye naye akaugua, baada ya kumhudumia nesi aliyekuwa akitokwa na damu usiku, akafa tarehe 5 Desemba 2000. Katika mlipuko ule waliugua watu 425 na kufa 224. Wala tusiyaone mambo hayo kuwa ya mbali. Mwezi Machi 2023 virusi vya Marburg vilizuka kwetu, mkoani Kagera, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya.

Sasa tuje kwetu. Kanisa letu limekuwa na hospitali tangu siku za wamisionari wa UMCA, na Kwa Mkono, hapa hapa Handeni, wako watu wazima leo ambao walifika wakitambaa kwa sababu ya polio, wakafundishwa kutembea kwa magongo hatua kwa hatua na watu waliokuwa na subira. Urithi huo tunautaja kwa majivuno. Lakini tukifika zahanati saa nne asubuhi tukakuta foleni, twamgombeza nani? Nesi aliyeingia zamu jana jioni, na mwenzake wa kumpokea hajafika, na pengine hata maji ya kunawa hakuna, jambo ambalo sisi watu wa Handeni hatuhitaji kuelezwa. Naye akikosea kututazama vizuri twasema wauguzi wa siku hizi hawana utu. Kama ametutendea vibaya tumshitaki kwa mkubwa wake. Ni haki yetu, na wanyonge wasiosema ndio wanaoumia. Ila naomba kabla ya kushitaki tujue alikula saa ngapi.

Na wale mnaoongoza watu mahali pengine popote, walimu wakuu, wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya, wenye maduka na vijana wao wa kazi, someni mlango ule wa 19 taratibu. Mimi pia nausoma. Makatekista wa mtaa huu wanajua ni mara ngapi wamefika kwangu kwa baiskeli, jua kali, nami nikaanza kwa kuuliza hesabu ya sadaka kabla sijawapa hata kikombe cha maji.

Binti yule niliyewasimulia hakuacha kazi, ijapokuwa alitaka sana kuacha. Metroni aliyekuja baadaye katika hospitali ile alimwita, akamsikia habari nzima, akampa likizo ya siku chache, kisha akamrudisha wodi ile ile ya wazazi, zamu za mchana kwanza, pamoja na nesi mzee. Leo yeye mwenyewe ni sista wa wodi. Nesi mgeni akipangiwa usiku wake wa kwanza, humwandikia namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, naye humwambia aamshwe hata kwa jambo la kijinga. Tulipoonana mara ya mwisho nilimwuliza ameamshwa bure mara ngapi. Alicheka, akasema hana hesabu. Kisha akaniuliza kama bado ninalo lile jina alilonipa. Ninalo. Ni jina la yule mama, nami humtaja katika Misa ya Marehemu kila tarehe 2 Novemba.