Je, Ajali Haina Kinga?

Simama asubuhi moja kando ya Barabara ya Morogoro, jijini Dar es Salaam. Utawaona watoto wa shule wameshikana mikono, wakingoja magari yapungue. Utamwona mtu wa baiskeli, gunia la mkaa nyuma yake, akisukumwa ukingoni na honi za malori. Utamwona mama wa mboga, beseni kichwani, akivuka mbio. Siku mmoja wao akigongwa, twasema, "Ajali haina kinga." Twamzika, twamwombea dua, kisha kila mtu hurejea kazini kwake.

Hebu tulitazame neno hili. "Ajali" limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa. Kwamba kila nafsi ina muda wake, hilo hatulipingi. Lakini je, imani hiyo yatuondolea dhima? La hasha! Mtume (s.a.w.) alimfunza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Tena alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani. Ikiwa mwiba ni udhia, gari la kasi mbele ya shule tuliiteje?

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Hakuna kinachoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Wataalamu wake wasema pia kwamba mwendo wa magari ukizidi kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huzidi kwa asilimia 4.

Kama haya yote ni majaaliwa tu, mbona vifo hupungua watu wanapoibadili barabara? Uholanzi, mwaka 1971, walikufa barabarani watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka mitaani kudai watoto wao wasiuawe tena. Njia za baiskeli zikajengwa, magari yakapunguzwa mwendo mitaani. Mwaka 2023 waliokufa hawakufika 800, ijapokuwa magari yamezidi maradufu. Hapo Dar es Salaam penyewe, shirika la Amend lilijenga njia za miguu, matuta, vivuko vya pundamilia na vigingi karibu na shule, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa. Hayo ni mambo ya saruji na rangi tu. Kinga ilikuwapo; iliyokosekana ni nia.

Wako wasemao kwamba waendao kwa miguu ni wazembe, hawataki kupanda daraja. Naam, wazembe hawakosi. Lakini anayemtaka mama mwenye beseni azunguke mbali na kupanda ngazi, ili mwenye gari asikanyage breki, amekwisha kuamua ni nani mwenye barabara.

Na dereva husema, "Nitachelewa." Tumhesabie. Kilomita 1 mbele ya shule, kwa mwendo wa 50 kwa saa, humchukua sekunde 72. Kwa mwendo wa 30, sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48. Basi hiyo ndiyo bei tuliyoiweka juu ya roho ya mtoto, na bado twaiona ghali.

Imepokewa kwamba Khalifa Umar aliogopa kuulizwa na Mwenyezi Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraq, kwa kuwa hakumtengenezea njia. Yeye alikuwa Madina, siku nyingi za safari kutoka huko, wala hakusema kwamba ajali haina kinga.

Ndugu msomaji, ataulizwa mhandisi aliyechora barabara bila njia ya miguu, ataulizwa kiongozi aliyeipitisha, na ataulizwa dereva. Nasi tuliosimama kando, tukaona, tukanyamaza mpaka siku ya mazishi, tutajibu nini?