Mlango wa Shule ni wa Nani?

Wapo wazee wetu ambao mpaka leo husikitika wakikumbuka Sheria ya Elimu ya 1969, ambayo kwayo Serikali ya Tanzania ilizitwaa shule za misheni. Minaki na Chidya, zilizoanzishwa na UMCA, leo ni shule za Serikali. Wazee husema, "Tulijenga sisi, wakachukua wao." Uchungu huo naufahamu. Lakini je, aliyejenga shule ndiye mwenye haki ya kuamua ni mtoto gani atakayeingia?

Mtoto hakuchagua kuzaliwa Moshi, ambako misheni zilifika mapema na kahawa ikaleta fedha ya karo. Wala mwenzake hakuchagua kuzaliwa Kilwa. Mzazi Mwislamu wa pwani, akiambiwa shule iko misheni, aliona vitu viwili pamoja: kalamu na ubatizo. Wengi waliwazuia watoto wao. Tuwalaumu? Sisi tungalimpeleka binti yetu akalelewe katika dini nyingine, kusudi ajue hesabu? (Nimewauliza Wakristo kadhaa, hucheka kwanza, kisha hunyamaza.)

Kwa hiyo naona Serikali ilitenda haki kuufungua mlango, ingawa ari ya walezi walioamka usiku kumtazama mwanafunzi mgonjwa haiwezi kutaifishwa.

Wala mlango wazi haukutosha. Aliyetangulia huzidi kutangulia. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawiwa kwa mikoa. Hapo kijana wa Kilimanjaro aliyefaulu vizuri akaachwa nje, na mwenye alama pungufu wa mkoa mwingine akaingia. Kijana yule naye hakuchagua alikozaliwa. Nakiri kwamba jambo hili lanitatiza kuliko lile la kwanza. Haki ya jamii ililipwa kwa mfuko wa mtoto mmoja.

Sasa Kanisa lajenga shule tena. Tangu 2016 shule za Serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, zetu zatoza. Hatumwulizi mtoto dini yake, na Mwislamu twampokea kwa furaha. Twauliza risiti ya benki tu. Basi mtoto wa mkulima wa korosho, aliyebatizwa kanisani mwetu, apita nje ya ukuta uliojengwa kwa sadaka ya bibi yake. Halmashauri zetu zinapokaa kupanga ada ya mwaka ujao, ni nafasi ngapi zinazowekwa kwa ajili yake?