Filimbi za Andes Mtaani

Msikilizaji, kwa miongo kadhaa wanamuziki kutoka Ecuador, Peru na Bolivia wamepiga muziki wa Andes katika viwanja na mitaa ya Ulaya, na wapita njia wengi huwatupia sarafu bila kusimama. Wanakosa mengi. Itazame zampoña, filimbi ya matete: katika desturi ya Waaymara, watu wa asili wa Andes, noti zake hugawanywa safu mbili, ira na arca, kila safu na mpigaji wake. Mmoja anapopuliza, mwenzake anavuta pumzi. Wimbo haukamiliki wasipojibizana. Muziki wa namna hiyo unamdai msikilizaji naye aitikie, walau kwa salamu.

Wapo wasemao hiyo ni biashara tu: mavazi ya kuvutia macho, na El Cóndor Pasa kila kona. Ni kweli, na hata wimbo huo Daniel Alomía Robles aliutungia jukwaa la Lima, mwaka 1913. Lakini tangu lini riziki ikazuia urafiki? Muuza kahawa naye ana wateja, na baadhi yao ni marafiki zake wa miaka. Mwombe mpiga charango, ala ndogo mfano wa gitaa, akuonyeshe nyuzi 10 za ala hiyo, zilizopangwa mbili mbili, kisha umuulize kwao hupigwa nini siku ya sherehe. Huenda akaacha kukuhesabu mteja.